Kofia, Koti na Fimbo

Kwetu Iringa baba mkwe unamsalimia, unampokea mzigo, yamekwisha. Nilipoolewa huku Uyole, Mbeya, kwenye familia ya Kinyakyusa, nilikuta sheria nyingine: mkamwana hakutani na baba mkwe. Ukimwona anakuja unatoka njiani, unampa mgongo mpaka apite. Majirani wengi wameshaiacha desturi hiyo. Nyumba yetu haikuiacha, nami niliifuata bila kinyongo, kwa kuwa kumtambua mzee kwa mbali hakukunisumbua hata kidogo.

Kisha nikaanguka kwenye bodaboda, nikapiga kisogo kwenye lami. Kidonda kilipona. Kilichobaki sikuwa na jina lake. Nilikuwa naona wekundu, naona mviringo, naona kitu kinasogea, lakini havikai pamoja. Napeleka mkono kwenye kikombe chekundu, nashika birika. Wekundu wenyewe ni wa nyanya zilizokuwa pembeni. Daktari wa macho alinisomesha herufi moja moja, nikazisoma zote. "Macho yako mazima kabisa, mama," akasema. Kauli hiyo ilifika nyumbani kabla yangu, ikawa ndiyo hukumu.

Siku niliyoharibu nilikuwa natoka dukani. Mbele yangu niliona kofia nyeusi. Niliona koti la kaki. Niliona fimbo inagonga chini. Kila kimoja nilikijua, ila hakuna kilichoniambia kwamba huyo ni baba mkwe wangu anakuja. Nikaenda moja kwa moja mpaka bega langu likagonga lake. Mzee aliganda pale pale.

Nyumbani, mama mkwe ndiye aliyenisema. "We mtoto wa Kihehe unatudharau! Macho si umeambiwa mazima? Sasa ulikuwa unaangalia nini?"

"Niliona kofia, mama. Baba sikumwona."

"Kofia inatembea yenyewe?"

Nilitamani kupasuka. Kikao kikaitwa, ikaamuliwa kwamba nikirudia nitarudishwa kwetu Iringa nikafundwe upya. Mimi, mama wa watoto watatu! Mume wangu alikaa anatazama simu yake.

Nikaenda hospitali ya rufaa. Walitaka kunibandika waya za kupima ubongo kichwani, nikalazimika kufumua nywele nilizosuka juzi yake. Daktari, dada mmoja mpole, alijitahidi kunieleza. Rangi inashughulikiwa sehemu moja ya ubongo, umbo sehemu nyingine, mwendo kwingine. Baadhi ya wataalamu wanadhani sehemu hizo hupiga kwa mdundo mmoja, na mdundo huo ndio unaojulisha kwamba rangi hii na umbo hili ni vya kitu kimoja. "Bado wanabishana," akasema. "Ila kwako nahisi mdundo unapishana."

Hilo nililielewa haraka. Wanawake wawili mkitwanga kwenye kinu kimoja, mmoja akipoteza mapigo, michi inagongana na mahindi yanaruka nje. Nikauliza dawa. Akasema muda na mazoezi. Nikamkasirikia hata yeye.

Nyumbani nikaeleza kinu, nikaeleza michi, mpaka koo likakauka. Baba mkwe alikuwa chumba cha pili, mlango umerudishwa kama desturi inavyotaka. Mama mkwe alicheka. "Kwa hiyo ubongo wako unatwanga? Haya, tutakula ugali." Niliondoka pale na hasira zangu.

Basi asubuhi moja, mvua imekatika, nilikuwa nashuka njia ya shambani nikasikia mabua ya mahindi yanavunjika. Niliona weusi katikati ya kijani. Sikujua ni nini, nikapita. Nyuma yangu jirani akaita, "Shikamoo baba! Huko kwenye matope unatafuta nini?"

"Marahaba. Napisha," sauti ya mzee ikajibu. "Mkamwana wangu hawezi kuniona. Basi mimi ndo nitakuwa namuona."

Sikugeuka. Nilisimama nimempa mgongo, nikalia, na sehemu kubwa ya kilio kile ilikuwa ghadhabu. Mtu ambaye sijawahi kumtazama usoni, wala kumsalimia, ndiye aliyeniamini, mpaka akaingia kwenye matope na fimbo yake.

Nilirudi mbio kumsimulia mume wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainua mkono mbele ya uso wangu.

"Hivi vidole vingapi?"