Nyumba Isiyo na Baraza

Nakumbuka siku niliyomwahidi mama yangu kwamba hatazeekea katika chumba cha kupanga. Tulikuwa uani, katika nyumba ya Bi Mwanaidi, karibu na Mtaa wa Msimbazi, na mama alikuwa akikanda unga wa maandazi aliyowauzia kila asubuhi watu waliokuwa wakienda sokoni Kariakoo. Mimi nilikuwa nimetoka tu chuo cha ualimu, shati limepigwa pasi, kichwa kimejaa mipango ya kulijenga taifa. Nikamwambia, "Mama, nitakujengea nyumba yako mwenyewe."

Hakuinua macho kutoka kwenye sinia. "Usiahidi ukiwa umeshiba, baba," alisema. "Ngoja njaa ikuume, kisha uniambie tena."

Nilimwambia tena, mwanangu, njaa ikiwa imeniuma kweli. Ilikuwa miaka ya ujamaa. Ardhi ilikuwa mali ya taifa, na aliyetafuta pa kujenga hakununua udongo. Alimlipa mkulima aliyemtangulia thamani ya minazi na mikorosho yake, kisha akangoja kupimiwa kiwanja. Nilingoja. Saruji ilipatikana kwa kibali na subira, mabati vivyo hivyo. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Hatimaye nilipata kiwanja Sinza, ambako siku zile mitaa mingi ilikuwapo kwenye ramani tu, na juu ya ardhi palikuwa na nyasi, mawe ya mipaka, na watu wachache wenye matumaini kama yangu.

Ramani ya nyumba niliichora mwenyewe, kwa penseli na rula. Naomba unielewe, kwa maana sikuichora kwa kiburi. Niliichora kwa upendo. Nilimwekea mama chumba chenye dirisha la mashariki, jiko lisilovuja, na sebule pana. Mbele ya nyumba niliweka mlango, na mbele ya mlango niliacha nafasi ya ukuta wa matofali wa kuzunguka kiwanja chote. Saruji ya ukuta huo nilikwisha kuiweka akiba. Nilitaka mwanamke yule, aliyeishi miaka yote kwa kusikia kikohozi cha mpangaji wa chumba cha pili, apate faragha yake.

Jumapili moja nilimpeleka kuona. Fundi Saidi, mwashi wetu, alikuwa amekwisha kufunga kamba za msingi kwenye vigingi, na vyumba vilionekana ardhini kama vilivyochorwa na mtoto mchangani. Nilimshika mama mkono nikamtembeza. Hapa sebule, mama. Hapa utalala. Hapa jiko. Alitabasamu kila mahali, na moyo wangu ukazidi kupanuka. Kisha akatoka hadi mbele, akasimama, akatazama kushoto na kulia kama mtu aliyeangusha kitu.

"Na baraza liko wapi?"

"Hakuna baraza, mama. Kuna sebule."

"Nimeiona. Nauliza baraza."

Fundi Saidi alikohoa. "Mimi nafuata ramani ya mwalimu," alisema. "Mwalimu akichora mlango juu ya paa, nitatafuta ngazi."

Sikucheka. Wakati ule nilikuwa nikifundisha somo la siasa, na nilikuwa na fikra zangu kuhusu mabaraza. Nilimweleza mama, kwa heshima, kwamba baraza ni chuo cha uzembe. Kwamba wanaume wenye nguvu hukaa hapo kutwa wakisogeza kete za bao na habari za watu, hali taifa linawaita shambani na kiwandani. Nilisema sitaki mlangoni kwake pawe kijiwe.

Alinisikiliza hadi mwisho. Mama yangu hakuwa mtu wa kumkatiza mtu. Kisha akauliza kwa upole, "Na huo ujamaa unaowafundisha watoto wa watu, baba, kwetu utaukalisha wapi?"

Akaendelea, na sauti yake haikupanda. "Nyumba ni nzuri. Allah akuzidishie. Lakini mimi sihami. Nitabaki kwa Bi Mwanaidi."

Mwanangu, nyumba njema si mlango. Mimi nilikuwa nimejenga mlango. Tulirudi Kariakoo kwa basi. Kila nilichokuwa nimefanya tangu nitoke chuoni kilikuwa kwa ajili ya ahadi ile, na sasa niliyemwahidi alikuwa ameikataa. Tulipofika nyumbani hakuingia ndani. Aliketi barazani, pale pale alipouzia maandazi, akapiga saruji kwa kiganja. "Kaa," alisema. "Unapajua hapa?"

"Ni kwetu, mama."

"Pamekuwaje kwetu?"

Nilimjibu nilivyojua: kwamba Bi Mwanaidi ni ndugu yetu, alitupokea tulipotoka kusini. Mama akacheka kidogo. "Bi Mwanaidi ni Mzaramo wa hapa hapa. Sisi kwetu ni bara ya Lindi. Undugu huo umeutoa wapi?"

Ndipo aliponieleza. Baba yangu alipofariki, mama alinifunga mgongoni, akapanda lori kuja kumtafuta shemeji yake, aliyesemekana anaishi mtaa huu. Shemeji alikwisha kuhama. Wengine walisema yuko Ilala, wengine Magomeni. Mama alizunguka hadi miguu ikakataa, ndipo akaliona baraza hili likiwa tupu, akaketi na mzigo wake.

"Sikubisha hodi," alisema. "Ningebisha hodi kwa jina la nani? Mlango humuuliza mtu ni nani na anataka nini, nami sikuwa na la kujibu. Baraza halimuulizi mtu. Nilikaa kama wanavyokaa wote. Ilipokaribia magharibi, Bi Mwanaidi akatoka na birika la kutawadhia, akaniona. Akasema, 'Umekaa hapo tangu alasiri, mwenzangu, hujachoka? Ingia ndani, mtoto asije akapigwa na baridi.' Basi. Undugu wetu ndio huo."

Nilikuwa nimemwita mwanamke yule bibi tangu nijue kusema. Nilikula kwake, nikaugua kwake, na ndiye aliyenifungia kitambaa cha chakula siku niliyokwenda chuoni. Na yote hayo yalianzia kwenye kipande cha saruji ambacho mimi, msomi wa ujamaa, nilikiita chuo cha uzembe. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi mbachao wangu nilikuwa nimeukalia, na sikuujua.

Kesho yake, baada ya vipindi, nilikwenda Sinza. Nilimwambia Fundi Saidi aing'oe kamba ya mbele airudishe ndani, sebule ipungue. Saruji ya ukuta tukaimwaga kwenye baraza, refu, upana wote wa nyumba. "Na ukuta, mwalimu?" aliuliza. Nikamwambia tutapanda michongoma ubavuni na nyuma, mbele tutapaacha wazi. Akanitazama, akasema, "Leo ramani imepata mwenyewe."

Siku ya kuhamia tulimleta Bi Mwanaidi kutoka Kariakoo, mzee sasa, anatembea kwa kushika bega langu. Tulipofika aligoma kuvuka kizingiti. Aliketi barazani, akapanga kanga yake magotini, akatazama njia. Mama alikuwa ndani akihangaika na masufuria. Bi Mwanaidi akasema kwa sauti, asimtazame mtu, "Nyumba nzuri, lakini naona wenyewe hawatoki."

Mama akatoka, mikono ina unga. Kisha mama akasema, "Umekaa hapo tangu alasiri, mwenzangu, hujachoka? Ingia ndani."

Alasiri ilikuwa bado. Walicheka hadi wakashikana, na mimi nikageukia upande wa michongoma nisionekane uso.

Baraza lile halikukaa tupu. Jirani wa kwanza alingojea hapo mvua ipite. Mwingine aliketi hapo akiwasubiri mafundi wake, na mama akampelekea chai. Hapo ndipo tulipokubaliana kuchimba mtaro wetu kwa mikono yetu. Wapiga bao nao walikuja, sikatai, na ndio waliokuwa wa kwanza kushika majembe. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mama alizeekea hapo, akafia hapo, na waliomsitiri wengi walikuwa watu walioanza kwa kuketi tu.

Nasaha yangu, mwanangu, si kwamba usijifungie. Nyakati zimebadilika, na mwizi hana haya. Bali ujue kwamba nyumba hujengwa mara mbili: ndani kwa ajili ya uliowazaa na waliokuzaa, na mbele kwa ajili ya usiyemjua bado. Ukijenga ya ndani pekee, umejenga nusu. Mwenyezi Mungu akubarikie msingi wako, akupe mikono ya kukusaidia kuinua paa, na asiufanye mlango wako kuwa mzito kwa mwenye shida.

Nasikia umepata kiwanja, na kwamba unaanza na ukuta na geti. Jenga. Ila nakuomba kitu kimoja: nje ya geti hilo, upande wa njia, weka pa mtu kukaa.