Benki Wananiita Tapeli, na Anayejua Ukweli ni Mama Mkwe

Mhariri, jina langu lifiche kabisa, maana mji wetu wa Mpanda ni mdogo na watu wake wana masikio. Nina miaka arobaini na moja, ni fundi seremala, nina mke na watoto wanne. Sinywi, sivuti, na sijawahi kula cha mtu. Lakini benki wananiita tapeli. Mimi!

Mwezi uliopita nilipata kazi ya kutengeneza madawati ya shule moja ya misheni. Kazi ya maana, ya kuniwezesha kuajiri vijana na kulipa ada za wanangu bila kubabaisha. Ila padri akasema wao hawatoi taslimu, wanalipa kwa cheki ya kupitishia kwenye akaunti tu. Basi nikavaa shati la kanisani, nikaenda kufungua akaunti ya hundi. Yule dada wa kaunta akaingia ndani, akatoka na meneja. Meneja akaniangalia kama nimeiba kuku wake. "Mzee, wewe tulishakufungia akaunti hapa. Ulitoa cheki hewa. Hatuwezi kukupa nyingine." Foleni nzima ikageuka. Nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Ngoja niwaeleze hiyo cheki hewa ilitoka wapi. Nilikuwa na rafiki, nimwite Bukuru ingawa silo jina lake, Mrundi wa kwenye makazi ya wakimbizi, mfanyabiashara wa maharage. Huyu hakuwa rafiki wa kupungiana mikono barabarani. Mtoto wake wa kwanza alimpa jina langu, na kwetu mtu akishakuheshimu hivyo mmeshakuwa ndugu. Yeye kwa ukimbizi wake akaunti ilikuwa shida kupata, kwa hiyo akawa anatumia yangu. Anaweka hela, mimi nasaini cheki, analipia mizigo yake. Hata sikuwa nauliza ni kiasi gani. Kumhoji mtu aliyempa mwanaye jina lako ni sawa na kumwita mwizi.

Mwaka ule walipofanya uchaguzi kwao, Bukuru aliamua kurudi Burundi. Alimwachia tajiri mmoja wa Tabora cheki ya mwisho, niliyoisaini mimi, akabeba familia akaondoka. Cheki kufika benki, hela hamna. Polisi wakanifuata mpaka karakana. Niliuza mbao zote na baiskeli nikamlipa yule tajiri, lakini benki wakafunga akaunti vilevile. Jamani, nilimlaani Bukuru! Kila siku namlaani, mke wangu anapepeta mchele wake.

Mwaka jana vita ikamfukuza tena, akarudi. Alikuja kwangu amekonda, mikono ameinyoosha anikumbatie. Nikamwambia, "Toka hapa, mwizi mkubwa we!"

Akashangaa kweli kweli. "Ndugu yangu, hela ya ile cheki si niliileta? Ulikuwa porini unapasua mbao. Niliishindilia katikati ya gunia la maharage kwa kuogopa majambazi njiani. Nikamwambia shemeji asiliguse, ulifungue mwenyewe."

Nikamgeukia mke wangu. Alikuwa ameshaanza kulia. Kumbe siku zile mama yake kule Kasokola alikuwa hana chakula, na yeye akampelekea lile gunia vilevile lilivyofungwa. "Nilijua maharage ni maharage, baba watoto. Baadaye mama akaniambia Mungu kamwona, kakuta hela humo ndani. Nilipokuja kuelewa ile ni hela ya nini, bati zilikuwa zimeshapanda. Ningefanyaje, nimwanike mama yangu?"

Bati! Wasomaji, zile bati nilizipigilia mimi mwenyewe, bure, siku mbili juu ya paa kwenye jua kali, kwa kumheshimu mkwe. Nikashuka nasifia, "Mama kajinyima mpaka kajenga." Nikikumbuka maneno hayo nasikia hasira.

Nilirudi kwa meneja, nikamweleza nusunusu. Akasema kama kuna mtu aliyehusika na ile hela, aje aeleze mbele yake kwa mdomo wake mwenyewe, ndipo atanifikiria. Sasa nitaanzaje? Mimi nikikutana na mama mkwe njiani napisha pembeni. Hatujawahi kula pamoja wala kutazamana usoni. Nimshike mkono nimpeleke kwa meneja? Ukoo wote utasema nimerogwa. Na mke wangu ameshanitamkia: "Ukimpeleka mama benki, mimi na watoto utatukuta Kasokola."

Bukuru ndiye ananimaliza kabisa. Anasema ataenda yeye, aseme alinitapeli. Nikamwambia acha ujinga, karatasi zako za kuishi hapa hazijatulia, meneja akiita polisi watakurudisha kwenye vita na wanao, pamoja na huyo mwenye jina langu. Akacheka. "Miaka yote hii nilikuwa mwizi kwako na sikufa. Nikiwa mwizi kwa meneja kuna nini?" Nilitoka nje nikakaa kwenye mbao zangu.

Padri amenipa mpaka mwisho wa mwezi huu, la sivyo madawati anampa fundi wa Sumbawanga. Nyie wenye wakwe, nyie mliowahi kubebewa mzigo na rafiki, nishaurini jamani, hata mkinitukana nitasoma. Ada za wanangu ziko kwenye kazi hii, na nyumba yangu iko mdomoni mwa mke wangu. Jumatatu asubuhi Bukuru atakuwa mlangoni pa benki, ameshaazima na shati. Nimwache aingie?