Mhasibu Aliyehesabu Pesa za Wenzangu

Ta, ta, ta-ta, ta. Hadi leo nikisikia mtu anagonga kalkuleta kwa kucha, damu inanichemka. Yule mhasibu alikuwa ameacha ukucha wa kidole cha mwisho ukue, na ndio aliogongea. Aligonga karibu saa nzima, macho kwenye karatasi zangu za pesa zilizoingia na kutoka kwa simu, wala hakuniuliza swali hata moja. Mie nimekaa mbele yake natabasamu kama bwege, nikidhani ukimya ule ndio usomi.

Huo ulikuwa mwaka wangu wa pili Garissa, huku Kenya. Nilitoka Tanga na cherehani moja na darasa la saba langu, nikawa nashona madera na sare za wasichana wa shule. Ndoto zangu zilikuwa kubwa kuliko chumba nilichopanga. Nilikuwa nimeshachagua hata rangi ya kibao cha duka ambalo sina. Lakini mgeni haishi kwa ndoto. Kibali changu cha kufanya kazi kilikuwa kinaisha mwisho wa mwezi, na bila cheti cha kuonyesha kwamba sidaiwi kodi hakiongezwi. Kisipoongezwa, narudi Tanga. Mwenye nyumba akanielekeza: "Nenda kwa fulani, huyo ndiye mhasibu wa wageni." Ningejiuliza mbona wenyeji hawamwendei.

Alipomaliza kugonga alinigeuzia karatasi. Kodi niliyoandikiwa ilikuwa bei ya cherehani yangu mara tatu.

"Kaka, hapa pamekosewa," nikasema.

"Simu haikosei. Pesa zote hizi zimeingia kwako."

"Zimeingia, lakini si zangu. Ni za ayuuto."

"Pesa ikiingia kwa simu yako ni yako, dada. Nyinyi wageni mna hadithi nyingi."

Hadithi! Basi ngoja niieleze.

Ayuuto ni kile ambacho kwetu tunakiita mchezo. Wanawake kumi na wanne wauza maziwa ya ngamia, wale wanaongoja madumu yanayokuja na lori kutoka upande wa Modogashe, kila Alhamisi kila mmoja anatoa elfu moja, na zote anapewa mmoja kwa zamu. Walikuwa na mshika pesa wao wakagombana naye, eti anawapendelea wa ukoo wake. Siku moja wakaingia kibandani kwangu kundi zima, nikafikiri nimeharibu dera la mtu. Mkubwa wao, niliyemwita eedo, yaani shangazi kwa Kisomali, akasema, "Abaayo," yaani dada, "wewe utashika pesa."

"Mie? Mie mgeni!"

"Ndiyo maana. Wewe huna ukoo hapa. Utapendelea nani, cherehani?"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mmoja akauliza, "Na akikimbia nazo?"

"Akimbie na jua hili? Huyu kufika sokoni tu anataka maji mara tatu."

Tangu siku hiyo, kila Alhamisi pesa ziliingia kwenye simu yangu kabla ya adhuhuri na kutoka kabla ya alasiri. Sikukata hata ya chai. Sijawahi kupewa heshima kubwa kama ile, na huyu bwana ameigeuza mauzo ya madera!

Nikamwonyesha pesa zilizotoka. Akasema hizo ameziandika matumizi yangu ya nyumbani. Elfu kumi na nne kila Alhamisi, za mtu anayelala chumba kimoja na kula maharage! Si angeuliza? Si angetupa jicho hata kwenye kandambili zangu? Badala yake akaniambia kurekebisha kunawezekana, ila hiyo ni kazi mpya, na ada mpya. Nikakusanya karatasi zangu, nikatoka bila kuaga. Na mie ni mtu wa kucheka, wanaonijua wanajua.

Nilikwenda moja kwa moja kwa eedo kumwambia watafute mshika pesa mwingine, maana mwezi ujao huenda sitakuwepo. Alinisikiliza huku anamimina maziwa, kisha akafunika dumu.

"Wewe uliuliza mwenye nyumba. Mwenye nyumba anajua nini? Uliza watu wa ng'ombe."

Sikuelewa mpaka aliponifafanulia. Dalali wa soko la mifugo huuza ng'ombe wa watu kumi kwa siku moja, pesa zote zinapita mkononi mwake na si zake. Sasa nani anayemwandikia hesabu, mpaka leo dalali huyo hajafilisika kwa kodi? Eedo akampigia dalali mmoja, binamu ya mumewe, na mchana huohuo nilikuwa nyuma ya duka la dawa za mifugo, mbele ya mhasibu wao, mwanamke aliyekaa katikati ya makatoni ya dawa ya minyoo, kompyuta magotini.

Hata salamu hazijaisha, aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza. "Hii pesa iko ya nani?"

Wallahi nililia.

"Mbona unalia? Nimeuliza tu."

"Ndiyo hivyo, dada. Umeuliza."

Akataka niwalete wenye pesa watie kidole kwenye karatasi ya kuthibitisha kwamba pesa ni zao. Walikuja kumi na watatu, na wa kumi na nne, aliyekuwa amejifungua, alitia dole gumba nyumbani kwake. Wengine walinung'unika kwamba sasa serikali itajua majina yao. Eedo akawakata: "Mlitaka mtu asiye na ukoo. Haya, leo ukoo wake ni nyinyi. Wekeni kidole."

Hesabu zikaandikwa upya, zikapelekwa kwa watu wa kodi, na cheti kikatoka siku tatu kabla ya kibali kuisha. Kodi niliyolipa ilikuwa ya madera na sare nilizoshona kwa mkono wangu, na niliilipa bila kinyongo.

Kinyongo ninacho na yule wa kucha. Nawaza wageni waliokaa kwenye kiti kile kabla yangu bila kuwa na eedo. Wakalipa, au wakafunga virago, wakaondoka wakiamini wao ndio hawajui hesabu.

Mhasibu wangu mpya alinipa sharti moja: pesa za watu zisikae simu moja na zangu. Siku nilipopata cheti nilinunua laini nyingine na simu ya mtumba, ile ya vitufe. Nikafunga mlango wa chumba, nikakata kipande cha plasta, nikaandika kwa kalamu nene: SI ZANGU. Nikakibandika nyuma ya simu, nikakibonyeza mpaka kikashika.