Kilomita Ambazo Gari Langu Halikuzihesabu

Siku pikapu yangu ilipokataa kusimama, mshale wa spidi ulikuwa umelala kwenye sifuri. Na mimi nilikuwa nakimbia sabini.

Mvua inanyesha. Nikakanyaga breki, magurudumu yakaganda, gari likateleza kama sabuni. Lilisimama hatua mbili kutoka kwa mama aliyebeba mtoto mgongoni.

Hakunitukana. Alikaza kanga ya mtoto, akavuka.

Taa ya ABS, ile ya breki zinazozuia magurudumu yasigande, ilikuwa na tabia ya kuwaka Jumatatu, kisha inazima yenyewe. Fundi wangu, dada mmoja mkimya anayeijua kazi yake, alishaisafisha sensa ya spidi, kile kifaa kinachopima mwendo, mara mbili, mara ya tatu akafunga mpya. Wapi.

Safari hii alikaa sana chini ya gari. Akaniita nilale kando yake, akamulika tochi.

"Sensa nzima, waya mzima," akasema. "Tatizo plagi. Tope kila mahali, hapa tu pamesafishika. Kuna mtu anaichomoa kwa mkono, na safari hii hakuirudisha vizuri."

Nikamuuliza aichomoe ili iweje. Akanieleza kwamba kwenye gari hili, ukichomoa pale, breki zinakosa habari za mwendo, na kilomita hazisomi hata uendeshe siku nzima.

Mtu mwingine anayeendesha gari langu ni mmoja. Kaka yangu wa tumbo moja.

Kila Jumapili aliliazima, eti anambebea seremala mbao mtaa wa pili. Jioni analirudisha limeoshwa, mafuta kama alivyoyakuta. Nilikuwa namsifia kwa watu, jamani.

Jumapili iliyofuata nikampa ufunguo kama kawaida, halafu nikamfuata kwa pikipiki ya kukodi. Mtaa wa pili akaupita. Mji akautoka. Baada ya saa nzima akasimama mbele ya kijumba cha bati.

Mlangoni, kwenye kiti, alikaa baba yetu.

Niwaambie ukweli. Mimi na baba tuligombana kwenye msiba wa mama, nikaropoka maneno ambayo hata leo siwezi kuyaandika. Baadaye nikamtuma kaka aniombee radhi. Akarudi na jibu: mzee amehama, hataki nijue alipo. Miaka sita nikaamini.

Nikasogea. Baba akageuza sikio, si uso. Ndipo nikajua haoni tena.

"Nani huyo?"

Kaka akanitazama machoni, mkono wake ukiwa begani kwa baba. "Jirani tu, mzee."

Nikapiga hatua mbele. "Ni mimi, baba."

Mzee akanyoosha mikono hewani, ananitafuta. "Salamu zangu zote zile, mwanangu. Kaka yako anasema ukizipata unacheka."

Nilimvuta kaka pembeni. Hakubisha. Alisema tangu utotoni kipenzi cha baba nilikuwa mimi, na kwamba miaka hii sita ndiyo pekee ambayo mzee aliwahi kumhitaji yeye.

Sasa Jumapili naenda mimi. Kaka haji. Pamoja na yote, wiki iliyopita baba aliniuliza, "Kaka yako hajambo? Mbona kimya?"

Jibu lilinijia mdomoni, tamu kabisa: hataki kukuona.

Nikalimeza. Nikasema yupo, nitamleta. Mpaka naandika hapa, sijampigia.

Wewe uliyekosana na mtu wako, usimtume mtu. Nenda mwenyewe, akufukuze kwa mdomo wake.