Dawa ya Buluu Kutoka Iringa

Mama alikuwa na kisukari, na miaka ile ya sabini kisukari tulikipima kwa mkojo. Unatia dawa ya buluu kwenye kichupa chembamba cha kioo, unadondosha matone manane ya mkojo, unakisimamisha katika sufuria ya maji yanayochemka, unangoja. Ikibaki buluu, heri. Ikigeuka kijani, halafu njano, mpaka rangi ya tofali, ujue sukari imepanda. Mimi ndiye niliyempima na kumchoma sindano ya insulini, na kila asubuhi kungoja kule kulinishinda. Nilizunguka jikoni, nafunika sufuria, nafunua.

Mbeya dawa hiyo ilikuwa haipatikani. Niliifuata Iringa, kwenye hospitali ya misheni, na kurudi nayo kwenye basi nimeipakata kama mtoto mchanga. Chupa moja ilitakiwa itutoshe miezi miwili. Haikututosha hata mara moja, na sababu ni mama mwenyewe. Pale mtaani kwetu Soweto, hapo hapo Mbeya, jirani akija kuomba chumvi humwambii imekwisha huku kopo limejaa, na mama aliihesabu dawa ile kama chumvi. Wakaja majirani na vikombe vyao vya mkojo: mwenye kizunguzungu, mwenye kuumwa mgongo, hata mjamzito aliyetaka kujua kama ni wa kiume. Mama akaniamuru niwapime wote. Nilinuna, nikagombana naye, akanijibu kwamba nimesoma lakini kuishi na watu sijui.

Siku moja ilibaki dawa ya kupimia mara moja tu, na mama aliamka anatetemeka. Sikujua sukari imepanda au imeshuka, na nikimchoma kwa kubahatisha ningeweza kumuua. Hapo hapo ikapigwa hodi. Alikuwa bibi mmoja wa Kisukuma, aliyekuja kutoka bonde la Usangu, njia ya Iringa, kumtembelea mwanawe nyumba ya tatu. Alikuwa amekonda sana, kikombe amekificha ndani ya kanga. Nilimzuia mlangoni ili mama asimsikie.

"Mwanangu, nakunywa maji ndoo nzima, kiu haikati," alisema. "Na pale ninapokojoa sisimizi wanajaa."

"Dawa imekwisha, bibi."

Alinishukuru, akaondoka na kikombe chake.

Nilimpima mama, dawa ikabaki buluu. Kwa jinsi alivyotetemeka nilijua sukari imeshuka, nikamkorogea chai yenye sukari nyingi, na baada ya muda akatulia. Nilifurahi, lakini furaha yenyewe haikufika hata saa nzima.

Sisimizi. Bibi yule hakuhitaji kupimwa na mimi. Alihitaji kuambiwa maneno mawili matatu, kwamba hiyo ni sukari, aende hospitali leo hii. Maneno hayo nilikuwa nayo, wala yasingepunguza tone moja la dawa ya mama. Nilikuwa na haraka ya kufunga mlango tu.

Nikakimbia nyumba ya tatu bila hata viatu. Mkwewe aliniambia bibi ameshapanda gari kurudi kwake, kwa kuwa alikuwa anangoja kupimwa tu na ameambiwa dawa imekwisha. Kijiji chenyewe mkwe hakukijua vizuri. Bibi na watu wake walikuwa wanahamahama na ng'ombe.

Mama sikumwambia. Safari iliyofuata ya Iringa, tulipofika usawa wa Usangu nilisimama ndani ya basi, nikawa natazama uso wa kila bibi aliyekuwa kando ya barabara. Konda aliniambia nikae. Nilishindwa.