Kipande cha Ubao Chini ya Nyumba ya Mama

Mtaani walimwita Futi, kwa sababu futi yake ya chuma haikumtoka kiunoni hata alipokwenda msibani. Alikuwa seremala, mtu wa makamo, mpole, mwenye sifa moja inayojulikana na kila mtu: hakati ubao kabla hajaupima hadi umechoka kupimwa. Wateja wenye haraka walimkimbia. Wenye subira walikuwa na makabati ambayo milango yake ilifunga bila kusukumwa kwa goti.

Lakini siku hizi hata wenye subira walikuwa wamepungua. Vitanda vya dukani vinakuja ndani ya maboksi, na watu wanapenda kitu cha leo leo. Ndiyo maana Afisa alipoingia karakanani, ramani ameikunja kwapani, Futi alimshukuru Mungu kimoyomoyo kabla hata hajajua mgeni ametumwa nini.

Afisa alikuwa binti aliyemaliza chuo si zamani, akifanya kazi idara ya mazingira ya halmashauri ya jiji. Jiji lilikuwa linaandaa mpango wa kuishi na bahari inayozidi kupanda: wapi ipandwe mikoko, wapi paachwe wazi pasijengwe, na wapi uchimbwe mtaro mkuu wa kwanza. Kwa mwaka huo ungechimbwa mmoja tu, nao ulikuwa na njia mbili za kupita. Ama nyuma ya soko, ama katika kichochoro kilicho jirani na ufuo, ambako Futi alizaliwa na mama yake anaishi mpaka leo.

"Fundi, watu hawasomi ramani," alisema Afisa. "Nikiwaonyesha hii wataitikia kwa adabu, halafu waende zao. Nataka mtaa mzima wa mbao, juu ya meza. Kila mtu aione nyumba yake. Kisha tumwage maji, tuone yanaelekea wapi."

"Tumwage maji juu ya mbao?"

"Si utapaka vanishi?"

"Binti, mimi maisha yangu yote nawaomba watu wasimwage maji juu ya mbao."

Alisema hivyo, ila kazi aliipokea kwa mikono miwili, na haikuchukua muda akaona hajapata kufanya kazi tamu kama hiyo. Mistari ya ramani ilionyesha ardhi inavyoinuka. Alikata plaiwudi kwa kuifuata, akabandika tabaka juu ya tabaka, mpaka mtaa ukainuka mezani kama mkate kwenye tanuri. Nyumba alizichonga kwa masalia ya mbao za makabati. Kinyozi, jirani yake asiyeweza kupita bila kuchokoza, alikuja kukagua kila jioni.

"Mbona kibanda changu kidogo hivi?"

"Ni kwa kipimo."

"Na mwenye duka umemjengea ikulu?"

"Hiyo nayo ni kwa kipimo. Mlaumu babu yako aliyenunua kiwanja cha kulaza paka."

Alipofika kwenye kichochoro cha mama yake, aliisoma ramani mara mbili. Ramani ilisema hapo ni chini, chini kuliko hata soko. Futi akatikisa kichwa. Njia ile aliijua kwa miguu yake. Utotoni alikuwa akiteka maji kwenye bomba la karibu na ufuo, akirudi nyumbani na ndoo kichwani, na kila alipofika mlangoni pumzi zilikuwa zimekatika na magoti yanatetemeka. Mahali pa namna hiyo ni kilima. Tena, kila msimu wa mvua alimpigia mama simu kutoka upande wa pili wa jiji, alikoishi na mkewe, na kila mara jibu lilikuwa lile lile: "Hamna neno, baba. Huku pakavu."

Basi akakata kipande kimoja cha ziada, akakibandika chini ya kichochoro, akakipiga msasa mpaka kikawa kana kwamba kilizaliwa pale.

Afisa alipokuja alikiona. "Hapa si palikuwa chini?"

"Mimi nimezaliwa hapo."

Afisa akaikunjua ramani yake tena. Ramani ilikuwa ya zamani kidogo, na chuoni alifundishwa kuwasikiliza wenyeji. Akapitisha.

Siku ya mkutano meza iliwekwa katika ukumbi wa shule, na watu wakajaa hadi mlangoni. Kila mmoja aliitafuta nyumba yake kwa kidole. Mama yake Futi, aliyekuja amejitanda mtandio wake wa safari, aliinama akapapasa kijumba kidogo cha mwisho wa kichochoro.

"Umeniwekea hata dirisha la jikoni," alisema taratibu, na Futi akaona kazi yote imelipwa.

Afisa akachukua jagi, akamwaga maji kutoka upande wa bahari. Yalipanda ufuo, yakagonga ukingo wa kichochoro, yakageuka, yakakimbilia soko. Yakaizunguka ikulu ya mwenye duka, yakaingia kwa Kinyozi.

"Haya," alisema Kinyozi, "sasa nitanyoa watu wanaoogelea."

Kichochoro kilibaki kikavu kama kisiwa.

"Inaelekea mtaro upite nyuma ya soko," alisema Afisa. "Kuna mwenye neno?"

Majirani wa kichochoro walitazamana, kisha wakatazama sakafu. Utamwambiaje mtu amekosea, na mama yake amesimama pembeni yake? Mama naye kidole chake kilikuwa bado juu ya paa. Baadaye ndipo Futi alipoelewa mama alikuwa akipima nini dakika ile. Futi mwenyewe aliwahi kumwambia: siku maji yatakapofika mlangoni kwako unahamia kwangu, hakuna mjadala. Mama akisema, ataipoteza nyumba yake. Akinyamaza, kichochoro kizima kitaukosa mtaro.

"Mwanangu," alisema mama, "kijumba umekichonga vizuri. Ila hapa kwangu pamekuwa juu tangu lini?"

Watu wakacheka kidogo.

"Tangu zamani, mama. Si nimepanda njia hiyo na ndoo kichwani?"

"Ndoo ndiyo ilikuwa nzito, baba. Na wewe ulikuwa mdogo." Akashusha pumzi. "Mvua zilizopita nililipandisha godoro juu ya lile kabati ulilonitengenezea. Kabati lako, Mungu akubariki, halikuvimba hata mlango. Mimi nikapanda mezani, nikakaa kama kuku kwenye kichanja."

"Uliniambia pakavu."

"Juu ya meza palikuwa pakavu."

Kicheko kilichofuata kilifungua midomo ya kichochoro kizima. Huyu alieleza choo kilivyofurika, yule alivyobeba watoto mgongoni. Futi hakujitetea. Alitoa patasi mfukoni, akaanza kukibandua kipande mbele ya watu wote, nacho kiligoma, maana alikuwa amekigandisha kwa gundi isiyo na mchezo.

"Gundi ya mafundi wengine ingekuwa imeshatoka," alisema Kinyozi, na kwa mara ya kwanza haikuwa kejeli.

Afisa akamwaga tena. Safari hii maji yaliingia kichochoroni moja kwa moja, yakakimeza kijumba hadi dirisha la jikoni. Soko likabaki na unyevu tu. Maji yaliyokuwa yakilivamia yalikuwa ni haya haya yaliyonyimwa njia. Mtaro ukipita kichochoroni hadi kwenye mikoko, pande zote mbili zitapona. Mikono iliinuliwa, hata ya Kinyozi.

"Ramani ilikuwa sahihi, nami nikaiacha," Afisa alimwambia Futi wakikusanya vijumba vilivyolowa. "Samahani, fundi."

"Uniombe samahani mimi niliyekudanganya? Tushukuru tu. Afadhali kosa la mbao kuliko kosa la zege."

Alimsindikiza mama yake nyumbani. Walitembea polepole, na njia, alipoiangalia vizuri, ilikuwa tambarare kabisa.

"Sasa utanihamisha," alisema mama.

"Nilikusudia."

"Najua. Ndiyo maana kwangu palikuwa pakavu kila mwaka."

Walipokaribia mlango Futi alisimama. "Mtaro hautakuwa tayari kabla ya mvua," alisema. "Zikianza, utakuja kwangu. Zikiisha, nitakurudisha mwenyewe."

"Utanirudisha?"

"Nitakurudisha."

"Utayasema hayo mbele ya mkeo?"

"Mbele ya mke wangu na mbele ya Kinyozi. Yule hatanipa nafasi ya kusahau."

Mama akatafuta ufunguo ndani ya mtandio.

"Ahsante, mama," alisema Futi.

"Ya nini?"

"Ya kusema mbele za watu."

"Ningekunong'oneza ungesikia?"

Futi akafikiri. "Nisingesikia. Ningekupigia msasa na wewe."

Mama akacheka, akausukuma mlango kwa bega, maana ulikuwa umevimba kwa chini, akamwambia aingie.