Kikapu Kilichofukuliwa Mchangani

Jirani yangu Damaris Pell alikuwa mtu wa sala na wa kucheka, na pale Plimuthi, kijiji chetu kipya ng'ambo ya bahari, hakuna aliyemfikia kwa mkate wa mahindi. Namwandika kwa ajili ya jambo moja, nami nilikuwamo.

Baridi ile tuliyoshuka melini, waume zetu walikuta vilima vidogo vya mchanga karibu na ufuko. Wakafukua. Ndani mlikuwa na vikapu vya mahindi, ya manjano na mekundu. Wenyeji hufukia hivyo mbegu zao, wakisubiri majira ya kupanda. Sisi tukapiga magoti kumshukuru Mungu aliyetulisha nyikani. Nani kaziweka, hakuuliza mtu. Bwana Pell alimpa mkewe kikapu kimoja, na kabla theluji haijayeyuka akafa. Mbegu tukazipanda.

Mavuno yalipokuja tukafanya karamu ya shukrani. Wenyeji wakaja wengi, wamebeba kulungu. Damaris akaandaa mikate ndani ya kile kikapu, akamwekea Mzee Quanapo, mmoja wa wenyeji hao, aliyejifunza lugha yetu kwa mabaharia.

Mzee akapitisha kidole ukingoni.

"Mama, hiki umesuka wewe?"

Nikamkanyaga Damaris mguu. "Tulinunua, baba," nikawahi mimi.

Mzee akacheka. "Kwa nani? Ukingo huu anausuka mke wangu peke yake. Namtania kila siku kwamba anamalizia kama mtu anayekimbia mvua!"

Damaris akaiva uso. Nikamnong'oneza, "Nyamaza, dada, utatuaibisha."

"Tumeshaaibika." Akamgeukia mzee. "Tulikifukua, baba. Hata mkate huu ni wa mbegu zenu. Na tuliziombea dua."

"Najua. Shimo nililikuta." Akamega mkate, akatafuna taratibu. "Mwaka huu mke wangu kapanda maharage tu."

Damaris akainuka, akaenda nyumbani kwake. Alikuwa ametundika darini mahindi yake ya mbegu, yale manene kuliko yote. Akayashusha yote, akayapanga ndani ya kikapu, akampa mzee kwa mikono miwili. Hakikujaa.

Kisha Damaris akanifuata mlangoni kwangu. "Na yako, dada."

Nikaingia ndani kuchagua. Mungu anisamehe, nilimtolea yaliyo membamba.